Taa ya ziwani inavyopanga maisha ya nyumbani Ikola

Katika Kata ya Ikola, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, familia nyingi za wavuvi hupanga mambo yao kwa kuangalia mwezi wa angani. Usiku wa giza, baba yuko ziwani akitafuta dagaa na migebuka. Mwezi ukiwa mpevu, hubaki nyumbani siku kadhaa.

Sababu ni taa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, taa ya mvuvi haina nguvu tena, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kifaa kidogo cha kazi ndicho kinachoamua lini watoto watamwona baba yao mezani.

Taa hiyo imebadilika. Wazee walivua kwa moto wa kuni ndani ya mtumbwi. Kuanzia miaka ya 1950 karabai za mafuta ya taa zikaenea ziwani. Sasa nyingi zimezipisha taa za betri, zinazochajiwa kwa sola au jenereta. Wavuvi hawakusubiri kiwanda kiwatengenezee: wengi wamechukua betri za pikipiki au gari na kuunganisha taa wenyewe.

Faida inakwenda kwa nani?

Kwenye mgawo wa mapato ya samaki, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha mwenye chombo na wavuvi hugawana kinachobaki. Zamani mafuta ya karabai yalikula sehemu kubwa. Taa ya betri inapopunguza gharama hiyo, fedha iliyookolewa inaweza kuwa sare za shule, au ikaishia kwa mwenye chombo. Taa yenyewe haisemi chochote. Wanaoamua ni watu, kwa makubaliano yao.

Mwanga ukiwa rahisi, uvuvi nao huongezeka. Ziwa hili linatumiwa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na samaki hawajui mpaka. Mwaka 2024, Serikali ya Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa samaki ilikuwa nafuu. Kwa mama anayeanika na kuuza dagaa, ilikuwa miezi mitatu ya kununua unga bila mzigo wa kuuza.

Simu nayo ina masharti yake

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Kabla ya fedha za simu, mvuvi aliyehamia kambi ya mbali alimpa fedha mtu anayesafiri, na familia ikasubiri. Leo anaweza kuuza asubuhi na mama akapokea kabla ya mchana. Hapo mama naye hupata nafasi ya kupanga matumizi, kwa sababu fedha imefika mkononi mwake, haikupitia kwa shemeji wala jirani.

Lakini mzazi asiyesoma vizuri mara nyingi humtuma mtoto kwa wakala, na kumtajia namba ya siri. Mtoto anajifunza mapema kuwa anajua salio la nyumba kuliko wenye nyumba. Wengine hushawishika kuchukua kidogo kidogo. Wengine hulaumiwa kwa fedha iliyoliwa na matapeli.

Mzazi afanye nini?

Siku za mbalamwezi, baba akiwa nyumbani, ni wakati mzuri wa kikao cha familia. Mambo matatu yanafaa kuzungumzwa.

Kwanza, akiba. Mkubaliane kiasi kitakachowekwa kila baada ya mauzo, kwa ajili ya miezi ambayo ziwa linaweza kufungwa.

Pili, namba ya siri ibaki kwa wazazi. Asiyeweza kusoma ujumbe afundishwe na mtoto wake mkubwa, lakini namba aibonyeze mwenyewe.

Tatu, mwanga wa nyumbani. Betri inayochaji simu inaweza pia kuwasha taa ya kusomea. Chaji ikiwa ndogo, familia iwe imeshaamua nani anatangulia: daftari la mtoto au simu ya mkubwa.

Mpangilio huo hauuzwi dukani pamoja na taa. Kila nyumba inajitengenezea wake.