Ujira wa Dalali Uandikwe Kwanza

Ugomvi wa dalali na mwenye kiwanja wajulikana. Dalali asema, “Mnunuzi nimemleta mimi.” Mwenye mali ajibu, “Lakini mauzo hayakutimia.” Kisha hao, mbele ya hakimu.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania ya mwaka 1961, ambayo asili yake ni sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1872, yaeleza kwamba pasipo mapatano maalumu wakala hastahili ujira mpaka kazi aliyotumwa iishe. Huko Uingereza, dalali mmoja aliyeahidiwa paundi 10,000 kwa kuuza majumba ya sinema alileta wanunuzi walio tayari. Wenye mali wakaghairi. Mahakama kuu kupita zote ikaamua kwamba hana haki, maana ahadi ilikuwa alipwe mauzo yakikamilika.

Hatusemi haya kwa kumdharau dalali. Yeye naye hula jasho lake. Mwenye mali ampokeaye mnunuzi, kisha akamzunguka dalali ili asimlipe, huyo ni mnyonyaji, sawa na dalali alaye ujira wa pande mbili kwa siri.

Dawa ni karatasi. Waandikiane kabla ya kazi kuanza: ujira ni kiasi gani, nani ataulipa, utalipwa lini, na itakuwaje mwenye mali akighairi. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.