Afrika Kusini kwa Mpenzi wa Barafu

Katika jimbo letu la Lualaba, nchini Kongo, jina la Afrika Kusini hutajwa kila siku. Malori yanayobeba shaba na kobalti ya Kolwezi huelekea kusini, mitambo ya migodini hutoka huko, na mgonjwa mwenye uwezo hupelekwa Johannesburg kutibiwa. Tunaijua nchi hiyo kwa mizigo, dawa na ada za shule. Ni wachache wanaofunga safari kwenda kutazama sanaa tu. Makala haya ni ya yule aliyeona kwenye televisheni watu wakiruka na kuzunguka juu ya barafu kwa muziki, akatamani kuwaona ana kwa ana. Hana haja ya kuvuka bahari hadi Paris au Tokyo. Barafu hiyo iko katika bara letu.

Mtu wa mji wa Sandoa, humu Lualaba, huanza na sehemu ngumu ya safari akiwa bado nyumbani. Kutoka ukingo wa mto Lulua hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 300, na wakati wa mvua barabara ya udongo humeza magurudumu. Wengine hushuka kwanza hadi Kasaji, kwenye reli ya Dilolo. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi kuna lami. Baada ya hapo njia ni mbili: ndege kutoka uwanja wa Luano, mwendo wa saa mbili na ushee, au basi kupitia Kasumbalesa, kuvuka Zambia, kisha Zimbabwe au Botswana. Njia ya kusini si ngeni: reli iliyotoka upande wa Rasi ilifika Lubumbashi mwaka 1910, enzi jiji likiitwa Élisabethville. Usiondoke bila viza, wala bila kadi ya njano ya chanjo, kwa maana atokaye Kongo huulizwa kadi hiyo mpakani. Saa yako usiiguse, kwa kuwa Lubumbashi na Johannesburg zina saa moja. Lakini magari huko hupita upande wa kushoto, basi kabla ya kuvuka barabara tazama kulia kwanza.

Kwa ukubwa, Afrika Kusini ni kama nusu ya Kongo yetu. Ina majimbo 9, na sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 62. Serikali iko Pretoria, Bunge liko Cape Town, na Mahakama Kuu ya Rufaa iko Bloemfontein. Lugha rasmi ni 12, tangu lugha ya alama ilipoongezwa mwaka 2023. Johannesburg ilizaliwa na dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886, kama vile Kolwezi ilivyozaliwa na shaba. Vilima vya mchanga wa migodi bado vinaonekana kusini mwa jiji, na mgeni kutoka Lualaba huvitambua mara moja. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Mwezi wa sita na wa saba jua huwaka mchana, lakini usiku baridi hupenya mifupa. Chukua koti zito, na ndani ya uwanja wa barafu usilivue.

Viwanja vya barafu huko viko ndani ya maduka makubwa na nyumba za burudani. Kipo Forest Hill mjini Centurion, karibu na Pretoria, na kipo GrandWest mjini Cape Town. Zamani palikuwa na uwanja maarufu kwenye jumba la Carlton, katikati ya Johannesburg, jumba la ghorofa 50. Barafu yenyewe hutengenezwa kwa ustadi. Chini hulazwa mabomba yenye maji ya chumvi au kemikali isiyoganda, yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri. Juu yake maji hunyunyizwa tabaka jembamba baada ya tabaka, hadi barafu ifikie unene wa sentimeta chache. Kila baada ya muda mashine kubwa hupita polepole, ikikwangua mikwaruzo na kumwaga maji ya moto. Maji hayo ya moto huyeyusha uso uliochubuka kidogo, kisha yote huganda pamoja na kung'aa upya.

Yote haya hutegemea umeme, na mwaka 2023 Afrika Kusini iliteseka kwa mgao mkali. Hapo watu wa Lualaba wana neno la kusema. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, huishia Kolwezi, na mwaka 2013 Kinshasa na Pretoria zilitia saini mkataba kuhusu mradi wa Inga Kubwa. Nguvu ya kugandisha maji Afrika tunayo, hata kama hapa Lualaba uwanja wa barafu bado hatuna.

Mchezo huu wa kuteleza juu ya barafu ulibeba pia dhambi ya nchi ile. Mwaka 1960 Afrika Kusini ilipeleka watelezaji wanne, wote Wazungu, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Squaw Valley, Marekani. Ubaguzi wa rangi ulifanya nchi ifungiwe, na haikurudi kwenye michezo hiyo ya baridi hadi 1994, Dino Quattrocecere alipoteleza kwenye Michezo ya Lillehammer. Miaka hiyo ya kufungiwa, watu weusi wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kujibu swali la nani anastahili barafu: Debi Thomas wa Marekani alipata medali ya shaba mwaka 1988. Baadaye, mwaka 1998 huko Nagano, Surya Bonaly wa Ufaransa alipinduka kinyumenyume hewani na kutua kwa mguu mmoja, ingawa kanuni zilikataza. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2024. Leo katika maduka ya Gauteng watoto wa kila rangi hukodi viatu, hushika ukuta, huanguka na kuinuka pamoja.

Maonyesho makubwa huletwa na vikundi vya wageni, hasa Disney On Ice, ambayo kwa miaka mingi ilijaza ukumbi wa Dome kaskazini mwa Johannesburg. Ukumbi huo uliuzwa mwaka 2021 ukawa soko la magari, kwa hiyo hakikisha mahali pa onyesho kabla ya kununua tiketi. Kaa karibu kadiri mfuko unavyoruhusu. Televisheni haikupi sauti ya chuma cha viatu kinapokata barafu, wala vumbi jeupe linaloruka mtelezaji anaposimama ghafla. Chuma cha kiatu kina meno madogo mbele. Mtelezaji huyapiga kwenye barafu, akapaa, mikono ikabanwa kifuani ili azunguke upesi, kisha akatua kwa mguu mmoja akirudi nyuma, mikono wazi. Aliyekulia Sandoa akitazama kinyago cha Mwana Pwo kikicheza kwa hatua ndogo zilizopimwa ataelewa bila kufundishwa: mwili umetii mpaka ugumu wa kazi yake hauonekani.

Mkongomani hatakosa watu wake. Yeoville, mjini Johannesburg, utasikia Kiswahili cha Katanga na Kilingala, na sokoni utapata sombe. Lakini mwaka 2008 na tena 2015 wageni walishambuliwa, na wengine waliuawa. Usifiche simu yako usiku tu, ifiche hata mchana. Panda gari la kuaminika. Uliza wenyeji wako mitaa ya kuepuka. Wengi utakaokutana nao ni wakarimu, na ukumbini hakuna anayekuuliza pasipoti.

Basi msomaji, ukipata nafasi ya kwenda Afrika Kusini kwa biashara au kumtembelea ndugu, tenga jioni moja kwa ajili ya barafu, na ukiweza mchukue mtoto. Nasi tuwadai viongozi wa Lualaba kumbi za michezo na sanaa, kwa kuwa jimbo linalolisha betri za dunia halipaswi kuwaacha watoto wake bila mahali pa kucheza.