Kutu Iliyojificha Nyuma ya Utepe

Magari ya zamani yaliyobaki katika Kaunti ya Kakamega, iwe ni Volkswagen Beetle yenye mgongo wa kobe au Peugeot 504 ya safu tatu za viti, ile ambayo kwa miaka mingi ilibeba abiria wa masafa marefu kati ya Nairobi na magharibi mwa Kenya, hayaangamizwi na uchovu wa injini bali na maji. Injini hufunguliwa ikatengenezwa, na vipuri vyake hupatikana kwa kutafuta, lakini bodi iliyokwisha kuliwa na kutu ni shida kuipatia badala. Mji wa Kakamega uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, jirani na msitu wa mvua wenye jina hilohilo, na hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Katika hali hiyo, mahali panapostahili kuchunguzwa mwanzo ni pale ambapo jicho hupita bila kushuku lolote, yaani nyuma ya utepe mwembamba unaong'aa ubavuni mwa gari.

Watu wengi huuita utepe huo kromu, ingawa mara nyingi ni alumini au chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Katika Beetle tepe hizi huwa saba: moja juu ya boneti ya mbele, na tatu kila ubavu, zikianzia karibu na gurudumu la mbele, zikapita mlangoni na kuishia nyuma. Kila utepe hushikiliwa na klipu, yaani vibanio vidogo vinavyosukumwa ndani ya matundu yaliyotobolewa kiwandani kwenye bati la bodi. Hapo ndipo ulipo udhaifu wake, kwa sababu kila tundu ni ukingo wa chuma uliokatwa, na klipu inapotikisika kwa miaka kwenye barabara mbovu hukwangua rangi iliyoufunika ukingo huo. Maji ya mvua hushuka ubavuni, hunaswa juu ya utepe pamoja na vumbi, na tope hilo hukaa na unyevu siku nzima hata bodi nyingine ikiwa imekauka. Pale stenlesi inapogusa bati tupu lililolowa, hali huwa mbaya zaidi, kwani metali mbili zisizofanana zikiunganishwa na maji huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na ile iliyo dhaifu, ambayo hapa ni bati la gari, huliwa kwa haraka.

Kazi ya kuubandua utepe hutaka subira kuliko nguvu. Fundi makini huupa kila utepe namba na upande wake kabla ya kuugusa, kisha huanzia mwishoni, akiingiza kabari ya mti au bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa karibu kabisa na klipu yenyewe, na si katikati ya klipu mbili, kwa maana hapo ndipo utepe hupinda. Alumini nyembamba ikishapinda huacha mkunjo usiofutika kwa urahisi, ilhali stenlesi inaweza kugongwa taratibu kwa nyundo ndogo juu ya mti ikarudi katika umbo lake na kung'arishwa upya. Zipo tepe zilizofungwa kwa skrubu na nati upande wa ndani, ambazo hazitoki mpaka kava ya ndani ya mlango iondolewe kwanza. Kuzivuta kwa nje ni kulichana bati. Tepe za magari ya baadaye zilizobandikwa kwa gundi hupashwa moto wa wastani, kisha uzi wa mshipi wa kuvulia samaki hupitishwa nyuma yake na kuvutwa huku na huku hadi gundi ikatike.

Utepe ukishatoka, ubavu wa gari hujieleza wenyewe. Huonekana mstari mmoja wa rangi ya awali, wenye upana wa kidole, ambao jua halikuufikia tangu gari lilipotoka kiwandani, na juu ya mstari huo matundu yamejipanga kwa nafasi zinazolingana. Tundu zima huwa na ukingo mkavu. Tundu gonjwa huzungukwa na malengelenge ya rangi, na kutoka chini yake hushuka mchirizi wa hudhurungi kama chozi. Ukilibonyeza kwa ncha ya bisibisi, bati linaloonekana zima hutoboka kama karatasi, kwa kuwa kutu ilianza upande wa ndani na ilichobakiza nje ni ganda la rangi tu.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Njia rahisi ni kulijaza tundu kwa fila, ule uji mzito wa resini na unga wa madini unaochanganywa na hadina, yaani kigandishi, na kuganda katika muda wa dakika chache, kisha kupiga msasa na kupaka rangi. Gari hutoka liking'aa, mwenye gari hulipa kwa furaha, na baada ya misimu michache ya mvua malengelenge hurudi palepale. Fila haiondoi kutu wala haiizuii. Hunyonya unyevu, na tundu lililozibwa kwa fila pekee linaendelea kupokea maji kutoka ndani ya mlango. Anayeuziwa gari la zamani hana budi kubeba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na kuipitisha ubavuni, maana pale isipong'ang'ania pana fila nene badala ya chuma.

Ukarabati wa haki huanza kwa kukwangua rangi hadi chuma king'ae, kwa brashi ya waya na msasa, na kukata sehemu yote iliyooza mpaka lifikiwe bati zima, hata kama tundu la ukubwa wa kidole litageuka dirisha la ukubwa wa kiganja. Kiraka hukatwa kutoka bati lenye unene uleule, ambao katika magari mengi haufiki milimita moja, na wembamba huo ndio unaofanya kuchomelea kuwe kazi ya uangalifu. Joto likizidi, bati hutanuka, na likipoa hubaki na mawimbi ambayo nyundo hutaabika kuyanyoosha. Kwa sababu hiyo fundi hushika kiraka kwa nukta moja moja, anaruka upande wa pili, anasubiri chuma kipoe, kisha anarudi. Tundu dogo lisilo na kutu huzibwa kwa nukta hizohizo, kipande cha shaba kikiwa kimeegemezwa nyuma yake, kwani shaba hunyonya joto na chuma kilichoyeyuka hakishikamani nayo. Baada ya kusaga na kupaka praima inayozuia maji, fila huruhusiwa, ikiwa utando mwembamba wa kusawazisha tu.

Ujuzi huu hupatikana Kakamega kwa njia mbili: darasani, kwa mfano katika Sigalagala National Polytechnic iliyo kando ya barabara ya Kisumu, na chini ya fundi mkuu katika karakana za jua kali, ambako kijana hujifunza kwa kushika nyundo. Aliyejifunza jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na kupewa cheti. La kusikitisha, na lisilopaswa kuvumiliwa, ni kuwaona vijana hao wakipuliza rangi za hadina wakiwa wamejifunga leso tu puani, hali rangi hizo hubeba kemikali ziitwazo isosianeti zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu; barakoa yenye vichujio vya hewa ni chombo cha kazi kama kompresa yenyewe.

Kabla ya utepe kurudishwa, kila tundu lililobakizwa hupakwa praima ukingoni, klipu mpya huchovywa katika nta, na nta iliyoyeyushwa hupuliziwa ndani ya mlango. Mwishowe vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya mlango, ambavyo katika magari mengi huwa vimezibwa na tope la miaka, hufunguliwa kwa waya. Birika la maji humiminwa polepole kwenye ufa wa kioo, na fundi huchuchumaa kuhakikisha kwamba yote yanatoka chini.