Haba na Haba, Dawa Hufika

Dawa ya saratani itiwapo mshipani huzunguka mwili mzima. Huua seli zenye maradhi, lakini huziumiza na zilizo nzima. Ndipo mgonjwa hutapika na kunyonyoka nywele. Uvimbe ukiwa ubongoni, dawa nyingi hata hazifiki.

Robert Langer, mhandisi wa kemikali aliyehitimu shahada ya uzamifu nchini Marekani mwaka 1974, aliwaza vingine: mbona dawa isitiwe ndani ya polima, ikatoka haba na haba? Mwaka 1976, yeye na Dkt. Judah Folkman walionyesha kuwa polima yaweza kuachilia molekuli kubwa polepole. Wataalamu wengi hawakusadiki. Maombi yake ya fedha yakakataliwa mara nyingi. Hata hivyo, mwaka 1996 Marekani iliidhinisha Gliadel, vidonge bapa vilivyotokana na kazi yake na ya mpasuaji Henry Brem. Uvimbe ukishaondolewa, huachwa ubongoni palepale, vikaachilia dawa huku vikiyeyuka. Haviponyi kabisa, ila huwaongezea baadhi ya wagonjwa muda wa kuishi.

Walimu, tusiyabeze maswali ya wanafunzi wetu. Nanyi wanafunzi, jueni kuwa kati ya jaribio lile na tiba ilipita miaka 20. Subira huvuta heri, mradi iwe subira itendayo kazi.