Testa Isipowaka

Somo la leo ni juu ya testa, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini. Fundi huigusisha kwenye waya. Ikiwaka, waya una umeme. Je, isipowaka? Msiseme upesi, "Hakuna umeme." Huenda testa ndiyo mbovu.

Taa hiyo ina gesi iitwayo neoni. Umeme kidogo sana hupita katika taa, kisha mwilini mwa fundi, hata ardhini. Kwa hiyo kidole lazima kiguse chuma kilicho nyuma ya mpini. Ukisimama juu ya ubao mkavu, au ukivaa viatu vya mpira, taa huwaka kwa shida. Katika jua kali mwanga wake hauonekani.

Basi, fanyeni hivi. Kwanza, ijaribuni testa penye umeme mnaoujua. Pili, ijaribuni kwenye waya. Tatu, rudini pale pa kwanza. Isipowaka hapo, msiiamini tena.

Hata hivyo, zimeni swichi kubwa kabla ya kushika waya. Mkiwa na shaka, uhesabuni waya kuwa una umeme.

Swali: Kwa nini tunairudisha testa pale pa kwanza? Andikeni jibu katika daftari. Kwaherini.