Usifungue mgongo wa kamera ya babu

Ukikabidhiwa kamera iliyolala sandukuni miaka mingi huko Njombe, jambo la kwanza utakalotaka kufanya ni kuifungua mgongo. Nakusihi, usiifungue. Huenda mkanda bado umo, na picha zake hazijawahi kusafishwa. Mwanga wa sekunde moja unatosha kuziunguza.

Kwa kamera ya mkanda wa milimita 35, mfano Zenit ya enzi za Muungano wa Kisovieti, zungusha taratibu kile kitasa cha kurudishia mkanda. Kikiwa kizito, mkanda umo: bonyeza kitufe cha kuuachia, kisha uzungushe mpaka kitasa kilegee kabisa. Kamera za Yashica Mat, zilizotumiwa na wapiga picha wengi wa studio, hula mkanda mpana wa picha 12. Huo haurudishwi nyuma; unasogezwa mbele hadi uishe, ndipo unafungua kivulini.

Umri wa mkanda usikukatishe tamaa. Picha isiyosafishwa ni alama ndogo mno kwenye chembe za chumvi ya fedha zilizoshikwa na jelatini. Joto huzifuta, baridi huzichelewesha kufutika. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa hilo mkanda uliobaki huko una nafasi nzuri kuliko uliokaa Dar es Salaam. Ukiwa wa rangi na wa zamani sana, omba usafishwe kwa dawa za picha nyeusi na nyeupe. Mkanda wa rangi wa Kodachrome hauna njia nyingine: maabara ya mwisho duniani kuusafisha kwa rangi, iliyoko Kansas, Marekani, iliacha kuupokea mwishoni mwa 2010.

Lenzi ina hadithi tofauti. Baridi ya Njombe huja na ukungu na manyunyu, na unyevu huo hunaswa na mkoba wa ngozi ambao babu aliununua ili kuilinda kamera. Humo ndimo kuvu huota. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama mizizi, ndiyo hiyo. Kuvu hutoa asidi inayokula upako wa kioo, na kovu lake halitoki. Mpelekee fundi mapema, na mkoba uutenge na kamera. Ukiingia na kamera kutoka kwenye baridi hadi chumba chenye jiko la mkaa, iache kwanza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri hadi ipate joto, la sivyo umande utatanda juu ya vioo.

Huko Makambako, mkoani humo humo Njombe, shida ni upepo na vumbi. Badilisha mkanda ndani ya nyumba, maana punje moja ya mchanga iliyonasa nyuma ya mkanda inaweza kuchora mstari kwenye picha zote 36.

Uliza pia negativu, yaani mikanda iliyokwisha kusafishwa, ziko wapi. Mimi nazithamini kuliko kamera yenyewe, kwani kamera nyingine hupatikana. Zinazonuka siki zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine, uzipige picha kwa simu juu ya mwanga mweupe mapema iwezekanavyo. Nyingine zitie kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, na kila bahasha ukae nayo pamoja na bibi au shangazi uandike majina ya waliomo.