Weupe wa Nyuma Hupimwa Usoni

Kwenye studio nyingi ndogo, kitambaa kinachotundikwa nyuma ya mteja wa pasipoti saizi ni cha bluu. Studio za Maili Moja na Mlandizi, upande wa Kibaha, na za mjini Kisarawe hufikiwa pia na mteja wa aina nyingine: anayeomba viza ya Marekani au China, ambaye picha yake lazima iwe na nyuma nyeupe. Shuka jeupe linatundikwa, picha inapigwa, na kinachotoka ni nyuma ya kijivu na uso uliozama gizani. Dawa inayopendekezwa karibu kila mahali ni kuongeza taa za nyuma mpaka shuka liungue pichani, yaani litoke jeupe tupu. Nadai kwamba dawa hiyo inawafaa zaidi watu wenye ngozi nyeupe, na kwamba kwa nyuso zetu weupe wa nyuma unapaswa kupimwa kuanzia usoni.

Kisarawe yenyewe ina somo la weupe ardhini mwake. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe unaotumika kwenye vyombo vya kauri, rangi za ukutani na karatasi. Chembe moja safi ya madini hayo haina rangi; mwanga unaipenya. Weupe hutokea pale chembe nyingi ndogo zinapozungukwa na hewa: mwanga unapinda na kurudi kila unapovuka mpaka wa chembe na hewa, na rangi zote zinarudi pamoja. Ukilowesha udongo huo, maji yanajaza nafasi za hewa, na kwa kuwa maji hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha kaolini, udongo unafifia. Ukuta wa chokaa ulionyonya unyevu wa masika hupoteza weupe kwa sababu hiyohiyo. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba kitu cheupe hakizalishi mwanga, kinarudisha tu kile kilichopewa. Karatasi nzuri hurudisha kama asilimia 90, na ukuta wa chokaa kavu hauachwi mbali. Basi ukijivu wa nyuma mara chache ni kosa la shuka.

Kosa huanzia kwenye kamera. Kipimo chake cha mwanga kimeundwa kuchukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Kikielekezwa kwenye fremu iliyojaa weupe, kinadhani mwanga umezidi, nacho kinaupunguza. Fremu nyeupe tupu inaweza kushushwa hadi namba 118 hivi kwenye ngazi ya 0 hadi 255, na hicho ni kijivu kamili. Uso wa mteja unashushwa pamoja nayo. Hapo kuongeza taa nyuma huku kamera ikiachwa ijipimie kunazidisha tatizo, maana kila weupe unaoongezeka unaishawishi kamera ikaze zaidi.

Tuchukue uso wa ngozi nyeusi unaorudisha asilimia 9 ya mwanga, mbele ya karatasi inayorudisha 90. Tofauti yao ni mara kumi. Ili vivuli vya mashavu na mboni za macho visomeke kwenye karatasi ya kuchapia, mpiga picha anafungua kamera hatua moja, yaani anaongeza mwanga mara mbili. Uso unasomeka 18, na karatasi ya nyuma, ikiwa imepata mwanga uleule, inapanda hadi 180, ilhali kamera hujaa ikifika 100. Karatasi hiyo ingetosheka na asilimia 56 tu ya mwanga unaoangukia uso. Kwa uso mweupe unaorudisha 36, usiohitaji hatua ile, karatasi hiyohiyo inataka asilimia 111. Yaani mteja wetu anahitaji nusu tu ya taa ya nyuma ambayo miongozo ya kawaida inamwagiza.

Atakayesema kwamba kufungua kamera hatua moja ni kumchubua mteja kwa lenzi ana wasiwasi wa haki. Kiwanda cha Kodak kwa miongo mingi kilisambaza kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, na madhara ya kipimo kile kwa picha za watu weusi yanajulikana. Lakini hatua hiyo moja inainua vivuli ambavyo karatasi ya kuchapia ingevimeza, na asiyeitaka bado hana sababu ya kuvuka asilimia 111. Kinachochubua kweli ni taa ya nyuma iliyopita kiasi. Mwanga wake unaingia kwenye lenzi na sehemu yake inasambaa juu ya picha nzima. Tuseme asilimia 2. Nyuma ikiwa 100, kila sehemu inaongezewa 2. Nyuma ikiwa 400, inaongezewa 8. Uso wa 36 unakuwa 44, badiliko la asilimia 22. Uso wa 18 unakuwa 26, badiliko la asilimia 44, na nywele za 5 zinakuwa 13, zimegeuka majivu. Anayeadhibiwa zaidi ni mwenye ngozi nyeusi.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue wakati programu ya simu inakata nyuma kwa sekunde chache. Mamlaka za Marekani zinakataza picha ya viza kubadilishwa kwa programu au vichujio. Pia nywele za kipilipili na rasta zina kingo nyembamba zinazopitisha mwanga, na programu huzinyoa.

Gharama nayo si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: taa moja ikiwa mita 3 kutoka usoni na ukuta uko mita 1 nyuma ya mteja, ukuta unapata tisa ya kumi na sita, ambayo ndiyo ile asilimia 56. Taa ikiinuliwa juu kiasi, kivuli kinashuka nje ya fremu. Umeme ukikatika, kivuli cha upande wa jengo kinatosha, kwa sababu mwanga wa anga unafika usoni na ukutani kwa kiasi kinachokaribiana. Richard Avedon alipiga hivyo picha za watu wa magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984: karatasi nyeupe, kivuli, bila taa.

Pingamizi ninaloliona zito ni la shati jeupe. Wanafunzi wa Kibaha huja studio na sare, wazee wa Kisarawe huja na kanzu, na hesabu inayofanya ukuta uwe mweupe inaunguza nguo pia: kitambaa cha asilimia 80 kinapanda hadi 160, na mabega yanapotelea ukutani. Kupunguza taa ya nyuma hakusaidii hapo. Inabidi taa ielekezwe kidogo juu ya kichwa ili ukingo wake hafifu ndio uguse kifua, au kitambaa cheusi kizuie mwanga chini ya kidevu hadi shati lipate chini ya asilimia 60 ya mwanga wa uso. Kola ikibaki na mikunjo inayoonekana kwenye skrini ya kamera, kipimo kimekaa.